Vukman wa Kombe la Pili

Kwa miaka minane nilisimama nyuma ya mgongo wa Vukman Pejakov, na mgongo ule naujua kuliko ninavyoujua uso wa kaka yangu. Mimi naitwa Gavra. Siku za kazi napeleka barua kwa baiskeli hapa Bela Topola, na Jumamosi, enzi hizo, nilikuwa mrusha mpira wa klabu yetu ya futiboli ya Kimarekani, Kunguru. Vukman alikuwa senta. Senta ndiye anayeinama na kuushika mpira chini, na mrusha mpira akipaza sauti anaupitisha katikati ya miguu yake hadi mikononi mwa mwenzake, kisha anainuka kupambana na majitu yanayokuja kumvunja mwenzake huyo mbavu. Watazamaji hawamwangalii. Macho yao yanaufuata mpira, naye keshaachana nao zamani.

Tulimwita Kabati kwa sababu ya umbo lake, na kwa sababu ukimwambia jambo lilikuwa halitoki tena. Alikuwa fundi wa kuchomelea kwenye kiwanda cha matofali. Aliishi na mama yake, mama Persida, na nguruwe wanne. Aliishi pia na mkewe Savka, mpaka majira ya baridi yale Savka alipoondoka.

Savka alikuwa nesi. Alijifunza Kijerumani mezani jikoni, mama mkwe wake akimenya maharage upande wa pili na kuyarudia maneno yale kwa kejeli. Akafanya mtihani, akafaulu. Mwezi wa pili akapanda basi kwenda Linz, Austria, kutunza wazee kwenye nyumba ya wazee. Nesi gani wa kwetu hakwenda huko?

"Miaka miwili, Vule," alimwambia mumewe kituoni. "Miwili tu. Au wewe njoo."

"Nije nifanye nini? Nibebe sahani?"

"Hata sahani zina watu wake."

Hakwenda. Alikuwa na mama, alikuwa na kiwanda, na kusema kweli alikuwa na sisi. Senta mwingine hatukuwa naye.

Kila Jumapili saa nne asubuhi Savka alipiga simu wakati wa mapumziko yake. Vukman aliipokea kwenye jiko la nje, mlango ukiwa umefungwa. Kabla ya hapo aliandika kwenye karatasi mambo ya kumwambia, maana sauti ya mkewe ikishaingia sikioni alisahau yote. Niliiona karatasi moja siku nilipompelekea barua ya kiwanda. Imeandikwa: *nguruwe mweupe amezaa. Paa la ghala. Umekula?* Ni hayo matatu tu.

Yeye Savka alimsimulia habari za wazee aliowatunza. Kulikuwa na mzee Alois aliyekuwa akimwita Resi. Resi ni mkewe, amekufa miaka kumi nyuma.

"Mwanzoni nilikuwa namsahihisha," Savka alisema. "Siku hizi naitika."

Vukman alinisimulia hilo tukiwa tunavaa viatu vya mazoezi, kisha akakaa ameshika kamba ya kiatu bila kuifunga.

"Gavra," akaniuliza, "mtu akiitika jina la mke wa mwingine kila siku, lake halitapotea?"

Nikamwambia tutachelewa kupasha misuli.

Mwaka huo tulikuwa tumeshika nafasi ya pili kwenye ligi ya nchi, tukaingizwa Ulaya kwa mara ya kwanza. Nisikudanganye: si lile kombe kubwa. Klabu kubwa, zenye makocha wa kulipwa na wachezaji kutoka Amerika, zina kombe lao. Chini yake lipo jingine, la klabu ambazo wachezaji wake Jumatatu wanaamkia kiwandani. Kwenye baa ya Radivoj waliliita kombe la waliokosa kombe.

"Mkishinda mnapewa nini?" Radivoj aliuliza. "Nusu kikombe?"

"Tunapewa cha kwako, hakijawahi kujaa," Vukman akamjibu, baa nzima ikacheka, kwa sababu Kabati alisema neno kama hilo mara moja kwa mwaka.

Tuliwatoa Wabulgaria nyumbani. Kisha ikapangwa robo fainali: ugenini, Waldbruck, Austria. Nilikuwa na habari hiyo kwenye simu nilipomkuta Vukman getini kwa kiwanda. Aliposikia jina la mji akaniomba ramani. Akaweka kidole gumba juu ya Waldbruck, kidole cha shahada juu ya Linz. Vidole vyake vilikuwa vinene hata vikafunika miji yote miwili na njia iliyo kati yake.

"Saa moja kwa treni," nikamwambia.

"Sijamwona miezi kumi na tano," akasema. Akarudi kazini, nami nikasahau kumpa barua zake.

Tuliondoka Ijumaa asubuhi, watu ishirini na tisa kwenye basi la Čeda, dereva ambaye hakuupenda mchezo wetu wala harufu yetu. Vukman alikuja na begi la vifaa, chupa mbili za ajvar, ile pilipili nyekundu ya kuchoma na kusaga ambayo mama Persida hampi mtu hivi hivi, na mto. Mto mkubwa wa manyoya ya bata bukini, kwenye foronya yenye maua.

"We Kabati!" akapiga kelele Lehel, mpiga mikwaju wetu, ambaye kazi yake ni kutengeneza meno ya bandia. "Unakwenda kucheza au kulala?"

"Wa mke wangu. Aliuacha. Anasema ya huko imejaa hewa tupu."

"Basi nipe nikushikie mpaka tufike, nitajaribu nisiuchafue kwa mate."

"Ukiugusa utajitengenezea meno yako mwenyewe."

Basi zima likaangua kicheko, lakini mto ule haukuguswa. Mpakani Horgoš tulikaa foleni saa tatu, na askari wa Hungaria akaukandakanda akitafuta sigara za magendo. Vukman alimtazama kama mtu anayetazama daktari akimshika mwanawe tumbo.

Mechi ilianza saa saba mchana Jumamosi. Uwanja wao ulikuwa mzuri, milima imeukaribia mno kwa macho ya mtu wa nyikani. Savka alikuwa amesema angefika mwanzoni, lakini zamu yake ilirefushwa. Robo ya kwanza Vukman alicheza shingo ikiwa imepinda kuelekea lango la uwanja. Robo ya pili nikamwona mimi kwanza: koti la bluu, kando ya uzio, karibu na gari la wagonjwa, nywele amezikata fupi. Tulipokusanyika kupanga mchezo nikasema, "Kabati, shemeji kafika. Kwenye gari la wagonjwa."

"Ameumia?"

"Amesimama karibu nalo, mjinga wee!"

Akainama kushika mpira. Sijafungua mdomo, akashtuka peke yake na kusogea. Mwamuzi akarusha kitambaa cha njano, tukarudishwa yadi tano. Katika miaka minane hakuwahi kutufanyia hivyo. Wenzangu walicheka mpaka helmeti zikagongana. Baada ya hapo nikwambie: alicheza kama tanuri lililofunguliwa mlango. Yule Mwaustria aliyekuwa mbele yake, bonge la mtu lenye ndevu, alikuwa anamwomba radhi kwa Kijerumani. Tukashinda kumi na saba kwa kumi na nne.

Vukman na Savka walikwenda kukaa kwenye nyasi nyuma ya vyumba vya kubadilishia nguo. Čeda alikuwa ametuambia basi linaondoka saa kumi na mbili, sheria ya madereva haimruhusu zaidi, na wengi wetu tulikuwa na zamu ya Jumapili mchana. Walikuwa na saa mbili hivi. Niliwapita mara moja kwa mbali nikienda kuchota maji. Vukman bado amevaa suruali ya mchezo, matope mpaka mapajani, naye Savka ameukumbatia ule mto, kichwa chake kiko begani kwa mumewe. Niliona aibu kama niliyefungua barua ya mtu.

Saa kumi na mbili kasoro robo Čeda akapiga honi. Kocha akanituma mimi.

Savka aliponiona akasimama.

"Shemeji Gavra," akasema, "mwache."

"Nimwache wapi?"

"Mwache hapa. Jumatatu kuna mtu anataka fundi wa kuchomelea, ana karakana, nimeshamwambia habari zake. Anataka kumwona kwa macho tu. Ana ruhusa ya kukaa siku tisini, si lazima arudi na basi. Mwache, shemeji."

"Nusu fainali ni baada ya wiki tatu," nikasema. "Ni nyumbani, mji mzima utakuja. Senta mwingine hatuna. Branko ana miaka kumi na tisa, akinirushia mpira unakwenda kwa majirani. Wiki tatu tu, kisha mchukue. Mchukue, kabati zima na milango yake."

"Wiki tatu," akasema Savka. "Kwenu kila kitu ni kidogo tu. Wiki tatu, miaka miwili, paa likiisha, mama akipona."

Nilimgeukia Vukman. Alikuwa ameketi bado, ananitazama kutoka chini. Nimeona jicho lile mara nyingi tangu hapo, nikiwa kwenye baiskeli, nikiwa nanyoa ndevu. Alikuwa anangoja nimwachie. Hakuwa mtu wa kujiachia mwenyewe. Mwenyewe asingeweza kuwaacha watu ishirini na wanane barabarani. Lakini mimi ningesema neno moja, *kaa*, angekaa. Nilimwelewa. Nikajifanya sikumwelewa.

"Twende, Kabati," nikasema. "Čeda atatuacha."

Akainuka. Akamshika Savka uso kwa mikono yake miwili, mikono yenye plasta kila kidole, akasema kitu ambacho sikukisikia. Savka hakulia. Alimpangusa matope kwenye kidevu kwa dole gumba kama mtu anayefuta meza, akamwambia, "Nenda, wanakungoja." Kwenye basi wenzetu waliimba mpaka Hungaria. Vukman alikaa kiti cha mbele, magoti yamebanwa, anatazama kioo cha pembeni ambacho hakikuwa kikionyesha chochote ila barabara tuliyoiacha.

Kazi ile ya karakana alipewa mtu mwingine Jumatatu hiyo hiyo.

Zile wiki tatu sizipendi kuzikumbuka. Savka aliendelea kupiga simu Jumapili, lakini kwa ufupi: salama, nimechoka, msalimie mama. Mama Persida alinisimamisha getini nikiwa na barua.

"Mwenzio hali," akasema. "Jana nimempikia supu ya maharage na mbavu za kuvuta moshi, kairudisha. Tangu azaliwe hajawahi kurudisha supu."

"Ni wasiwasi wa mechi, mama."

"Wasiwasi wa mechi!" Akanitazama kama anayetazama nyanya iliyooza upande mmoja. "Wewe Gavra unapeleka barua za watu miaka kumi na moja na hujajifunza kusoma."

Vukman alipungua kilo sita. Kwa senta hiyo ni hasara ya timu nzima. Jioni baada ya mazoezi alikuwa anakwenda kukaa kwenye tuta la reli, pale ambapo treni haijapita tangu reli ing'olewe upande wa mashariki, mtama mwitu umeota kati ya mataruma. Nilimfuata siku moja. Nikakaa kando yake.

"Unajua ninachokitamani?" akasema. "Si mambo makubwa. Natamani anigombeze. Niingie na viatu, aseme, Vule, sakafu! Nyumba ile imekuwa safi mno, Gavra."

Ningeweza kumwambia hapo: samahani, nilikosea Waldbruck. Nikamwambia Waitaliano tutakaocheza nao nusu fainali wana beki mmoja mwepesi sana upande wa kulia.

Siku ya nusu fainali walikuja watu elfu moja na mia tano, katika mji wa watu elfu tisa. Walileta viti vya shule na masanduku ya bia ya kukalia. Matarumbeta yalipigwa, nyama ikachomwa nyuma ya goli, na mama Persida alikuja na mwavuli na blanketi, mara yake ya kwanza. Mvua ilianza kabla ya mapumziko. Waitaliano wa Rocca San Biagio walikuwa wepesi kweli, lakini matope yetu hawakuyajua. Tukaenda hivyo, wao mbele, sisi mbele, mpaka zikabaki sekunde tisa. Wao ishirini na moja, sisi ishirini. Mpira uko karibu na milingoti yao. Mkwaju mmoja wa Lehel katikati ya milingoti ni pointi tatu, na sisi tuko fainali ya Ulaya.

Kwenye mkwaju, mimi ndiye niliyekuwa ninapiga goti hatua nane nyuma ya senta. Napokea mpira, nausimamisha chini kwa kidole, Lehel anaupiga. Tumefanya hivyo mara elfu. Uwanja ukanyamaza, nikasikia mvua ikigonga miavuli. Nikamwonyesha Vukman viganja vyangu, kwamba niko tayari.

Mpira ulikuja. Ulikuja juu kidogo, kiasi cha kipaji changu cha uso. Na sasa nitasema jambo ambalo kwa miaka mitatu sikumwambia mtu: ulikuwa unadakika. Ulinigusa vidole vyote kumi. Nilikuwa nimekwisha fumba macho nusu, nimeshaanza kuwaza fainali, na vidole vilikuwa baridi, ukateleza ukaenda zake nyuma. Mwitaliano mmoja akaulalia. Basi, ikaisha.

Nilibaki nimepiga goti. Kabla sijajua niseme nini, Vukman alikuwa ameshavua helmeti, amesimama kati yangu na wenzetu, mvua inamchuruzika.

"Wangu huo," akasema kwa sauti. "Nimeutupa juu. Msimlaumu Gavra, ni mimi."

Nami nikanyamaza. Lehel alilia kama mtoto. Kocha akampiga Vukman begani. Nilikuwa na nafasi wakati huo. Nilikuwa na nafasi usiku huo na kesho yake na kila siku niliyopita nyumbani kwake na mfuko wa barua. Kwa Radivoj wakaanza kusema kabati limefunguka mlango. Kiwandani kuna aliyemchorea kabati lenye mabawa kwenye kasha lake la vifaa. Nilisikia yote hayo nikiwa nakunywa kahawa yangu, na nilikunywa mpaka mwisho.

Savka alipiga simu siku ile ile, si kwa zamu ya Jumapili. Mechi ilikuwa ikionyeshwa kwenye mtandao, ameitazama kwenye simu akiwa kando ya kitanda cha mzee Alois, mzee naye anatazama. Mama Persida ndiye aliyenieleza.

"Nilisikiliza mlangoni, simu yake hupaza sauti," akasema bila haya. "Alimwambia, Vule, nimeona. Kisha akamwambia, njoo. Basi nikaingia nikamwambia mwanangu: nenda. Mke si basi, husemi litapita jingine."

"Na wewe, mama?"

"Mimi nina nguruwe."

Alingoja kibali cha kazi hadi mwezi wa nane. Hakurudi mazoezini. Siku aliyoondoka nilikuwa na barua ya kusainiwa mtaa wa pili kutoka kituoni, nikaichelewesha makusudi ili niwe na sababu ya kutofika. Basi lake lilinipita kwenye kona ya duka la mkate. Aliniona. Akainua mkono wake, ule mkono, kiganja kizima kikajaa kwenye dirisha.

Klabu ilicheza miaka miwili zaidi. Branko alijifunza, tena akawa senta mzuri. Lakini mimi nikipaza sauti nyuma ya mgongo wake nilikuwa naona mgongo mwembamba, sauti yangu ikitoka kama ya mtu anayebisha hodi nyumba isiyo yake. Ulaya hatukurudi. Vijana wakawa wanaondoka mmoja mmoja, Graz, Malmö, Stuttgart, na mwaka wa tatu hatukutimiza idadi ya kusajili timu.

Mwaka huo nikachukua likizo, nikaenda Linz.

Wanakaa ghorofa ya tatu, karibu na bohari za bandari ya mto. Vukman alinifungulia mlango amembeba mtoto wa kike wa miezi minane mkono mmoja kama mpira.

"Anaitwa Zorana," akasema. "Vua viatu, shemeji yako atatuua wote wawili."

Savka alitoka jikoni akanikumbatia, akaniuliza habari za mama mkwe wake. Alikuwa amenenepa na kupendeza. Hakukuwa na chuki usoni mwake, na hilo lilinitia aibu kuliko matusi. Tulikula, tukanywa kidogo rakija, pombe kali ya aprikoti niliyoileta. Vukman aliniuliza kila kitu: nani kafa, nani kauza shamba, kiwanda kinachoma siku ngapi kwa wiki, mti ule mkubwa mbele ya kanisa bado unadondosha matawi? Nilipomjibu alinirudishia swali lile lile kwa njia nyingine, ili nijibu tena.

"Anafanya hivyo na kila mtu anayetoka huko," Savka akaniambia. "Jana kamshika Mserbia mwenzetu mmoja dukani, mtu wa Niš, mbali kabisa na kwetu! Kamuuliza kuhusu Bela Topola. Maskini wa watu hajawahi kufika."

"Huko Niš kuna redio," Vukman akajitetea. "Huenda alisikia hali ya hewa."

Kesho yake alinipeleka kutembea kando ya Danube. Alisukuma kigari cha mtoto. Tulipofika kwenye benchi nikamwambia. Nilimwambia yote mawili, la Waldbruck na la vidole. Niliyasema nikitazama meli ya kokoto iliyokuwa inapanda mto polepole.

Alimfunika mtoto vizuri miguuni kabla ya kujibu.

"La vidole najua," akasema.

"Unajua?"

"Niliusikia. Mpira uliolowa ukigusa mkono una sauti yake. Miaka minane, Gavra, siwezi kukosea."

"Kwa nini basi hukusema? Walikutukana mji mzima! Mimi nilikuwa nakunywa kahawa pale pale."

"Ningesema ingekuwaje? Ungelaumiwa wewe, mimi ningebaki. Mwaka unaofuata mngeniambia, Kabati, mwaka huu tunaingia fainali. Ningebaki, unanijua. Mimi siwezi kuondoka mahali ninapohitajika." Akakisukuma kigari mbele na nyuma. "Nilihitaji siku moja tu niwe mtu asiyehitajika."

"Na la Waldbruck?"

Hapo alikisimamisha kigari.

"La Waldbruck bado linaniuma," akasema. "Sitakudanganya. Nilipofika huku mwezi wa nane, mzee Alois alikuwa ameshakufa wiki moja. Savka alikuwa analia jikoni, na nilijua hanililii mimi, wala halii kwa ajili ya mzee tu. Miezi ile mitatu tangu Waldbruck alikuwa peke yake, na ilikuwa haki yake niwe naye. Lakini jicho lile nilikuwa nalo mimi, Gavra, na mdomo pia nilikuwa nao. Hukunifunga kamba."

Mtoto akaamka, akatutazama mmoja baada ya mwingine. Sikujisikia mwepesi kama nilivyodhani ningejisikia.

Agosti iliyofuata alikuja nyumbani, wiki mbili, peke yake. Savka hakupata likizo na mtoto alikuwa na homa ya meno. Nilimpokea kituoni, safari hii nilifika kabla ya basi. Siku tatu za kwanza alikuwa kama mtu aliyerudishiwa macho. Alikwenda shambani akasimama tu katikati ya alizeti, hakuna mlima popote, akacheka peke yake. Alikula supu sahani tatu. Kwa Radivoj walimnunulia vinywaji, wakamwita bwana Austria, na hakuna aliyekumbusha lile la mlango. Mama Persida alimfanya apake chokaa banda la nguruwe na kumgombeza kutwa nzima, naye alilipaka mara mbili.

Siku ya tano tulikuwa tumekaa kwenye kizingiti cha jiko la nje, tunakula tikiti maji, nikamwona anatazama saa.

"Sasa hivi anaogeshwa," akasema. "Analia akiingia majini, halafu akitolewa analia zaidi."

Siku ya saba akaniuliza kama basi la Ijumaa bado linapitia Subotica. Nilimwambia tiketi yake ni ya wiki ijayo. Akasema anajua.

Nilimpeleka mimi kwa gari la posta, Ijumaa hiyo, mpaka Subotica akapande basi la Linz, kwa sababu la kwetu lilikuwa limejaa. Njiani alishusha kioo, akaweka kiwiko nje, akatazama mashamba mpaka tulipokaribia mjini. Kisha akaniomba nisimamishe gari kidogo. Nikasimama kando ya barabara. Hakushuka. Alikaa tu, akavuta hewa ile yenye vumbi la ngano, mara moja, mara mbili.

"Haya," akasema. "Endesha, nisichelewe."